Kanzu ya Ijumaa Kuu

Nilikuwa hodari sana wa kuusifu udhaifu wa watu wengine. Kila Alhamisi baada ya kazi nilikuwa nikioga, nikivaa suruali yangu ya kahawia iliyopigwa pasi, nikipita nyumba kwa nyumba kuwatazama wagonjwa wa kanisa letu. Nilikuwa mzee wa kanisa kabla sijafika miaka arubaini, jambo ambalo halikuniudhi hata kidogo. Nilikuwa na hotuba moja. Niliwaambia wagonjwa kuwa udhaifu ni zawadi, kuwa Mungu huwatembelea walio chini, na kwamba hata Mtume, yule wa nyaraka katika Biblia, alikuwa na mwiba wake mwilini, akaomba uondolewe, haukuondolewa, na neema ikamtosha. Kisha nilisimama, maana mimi nilikuwa na uwezo wa kusimama, nikaenda zangu nyumbani kula.

Mara moja nilikwenda kwa mama mmoja wa kwaya ambaye mtoto wake alikuwa amezaliwa mfu. Nilimkuta amelala anatazama ukuta. Nikamtolea hotuba yote, na mwiba ndani yake. Akavuta kanga akajifunika uso. Mama yake mzazi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, alinishukuru kwa adabu, akanisindikiza hadi mlangoni, akaufunga. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba leo nimemfariji mtu.

Nyumba yetu ilikuwa Kikwajuni, na karakana yangu ya useremala ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Wazazi wangu walitoka bara, mimi nilizaliwa Unguja. Majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu, na sisi Wakristo tulikuwa wachache kiasi kwamba akikosekana mmoja kanisani, mtaa mzima wa Waislamu ulijua na kuuliza kama anaumwa. Tuliishi vizuri. Mwezi wa Ramadhani tulikula mchana tumejifungia ndani, na magharibi futari ya jirani ilikuja kwetu pia, ingawa kila mtu alijua kuwa hatukufunga.

Mungu alinipa mwili mkubwa, na mimi nilichukulia kuwa ni sifa yangu. Zilipokuwa zikijengwa zile nyumba ndefu za Michenzani, watu walipokwenda kujitolea, mimi nilibeba saruji mifuko miwili pale ambapo wenzangu walibeba mmoja, na nilihakikisha ninapita mbele ya watu. Lakini mahali pangu hasa palikuwa kanisani, siku ya Ijumaa Kuu. Mwaka uliofuata Mapinduzi, msalaba wetu wa maandamano uliliwa na mchwa, nikajitolea kuchonga mpya. Niliuchonga kwa mti wa mfenesi. Sababu niliyoitoa ni kwamba mfenesi ni mti wa kudumu. Sababu ya kweli ni kwamba ulikuwa mzito. Nilitaka msalaba ambao hapana mwingine angeweza kuubeba, na kazi ilifanikiwa, kwa sababu tangu mwaka ule niliubeba mimi peke yangu.

Zamani, na ule msalaba wa kale, tulikuwa tukitoka mpaka barabarani. Baada ya mwaka wa sitini na nne tuliona tuzunguke ua wa kanisa tu. Hakuna aliyetukataza, ni zile akili ambazo watu wachache huwa nazo bila ya kufundishwa. Tulikuwa na vituo kumi na vinne kandokando ya ukuta, na kwenye kila kituo msomaji alisoma kipande cha safari ya Bwana kwenda kusulubiwa. Katika vituo vitatu husomwa kuwa ameanguka. Hapo watu wote walipiga magoti, na mimi nikabaki wima na mti wangu begani kama mlingoti wa bendera. Kila mwaka watu waliniambia baadaye kuwa sikuyumba hata kidogo. Niliona wanasifu imani yangu.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ilibidi kinanda cha kanisa kihamishwe kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kwa sababu ya paa kuvuja. Kilikuwa kinanda cha zamani, kizito, cha kukanyaga kwa miguu. Wanaume wawili niliokuwa nao walikwenda kumtafuta wa tatu. Ningeweza kuwasubiri. Lakini kwaya ya wanawake ilikuwa imekaa kwenye mabenchi ikingoja mazoezi yaanze, na wote walikuwa wananitazama. Nikakikumbatia, nikakinyanyua peke yangu, nikaenda nacho hatua saba. Kwenye hatua ya tano nilisikia kitu kinaachia chini ya tumbo, upande wa kulia, kama mshono wa nguo kuukuu. Nilikiweka kinanda chini polepole, nikapokea makofi, nikaenda nyuma ya chumba cha mavazi nikakaa kwenye ndoo.

Ilikuwa ngiri. Wiki ya kwanza ilikuwa na ukubwa wa ndimu, nikilala inarudi ndani, nikisimama inatoka. Baadaye ikawa haisikii amri. Na ngiri si maradhi ya heshima. Mwenye kifua kikuu watu humwonea huruma, mwenye ugonjwa wa moyo humpisha njiani. Mwenye ngiri watu humtungia nyimbo. Mtaani kwetu hawakuitofautisha na busha, wala hawakutaka kuitofautisha, maana kicheko ni kile kile. Mimi mwenyewe nilikuwa na vichekesho viwili vya busha nilivyovisimulia karakanani kwa miaka, na vyote viwili sasa vilinirudia vikiwa havichekeshi.

Niliomba, kwa kweli niliomba sana. Nilimwomba Mungu aiondoe kabla ya Jumapili, halafu kabla ya Krismasi, halafu kabla ya Kwaresima. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba iondoke bila ya mtu yeyote kujua kuwa ilikuwepo. Nilipokumbuka kwamba Mtume naye aliomba akakataliwa, nilikasirika. Niligundua kuwa ile hotuba yangu ya Alhamisi haikuwa imetungwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Suruali ndiyo iliyonisaliti kwanza. Haikufichii kitu, na ukiilegeza inaanguka. Nikajifunga mkanda wa kitambaa kwa ndani, na juu yake nikavaa kanzu. Wazee wetu wa misheni wa zamani walivaa kanzu, hilo halikuwa geni, lakini watu wa rika langu tulikuwa watu wa suruali na kaptura, na ndivyo mtaa ulivyotujua. Sasa nikawa seremala anayepasua mbao kwa kanzu nyeupe, jasho linamtoka, vumbi la mbao mpaka magotini, na pindo linanasa kwenye msumeno. Nikiulizwa, nilisema ni joto.

Kikwajuni hakuna aliyeamini habari ya joto. Wiki mbili hazijapita, salamu nilizopewa zikawa ndefu. Wazee wa barazani walinisogezea nafasi nikae. Siku moja kwenye foleni ya sukari, mtu nisiyemjua alinitazama kanzu yangu, akanishika bega, akanisogeza mbele yake. Nilisogea. Jioni mke wangu aliniambia alichosikia bombani, wanawake wakiteka maji, kwamba fundi seremala anasoma soma vitabu na karibu atasilimu, Mungu amzidishie.

Mkabala na nyumba yetu alikaa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya forodha. Kutwa alikuwa barazani kwake akishona kofia kwa mkono, miwani imemshuka puani. Mimi ndiye niliyemchongea faruma, kile kigogo cha kuvalishia kofia zisinywee zikishafuliwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwezi wa pili wa kanzu yangu aliniita, nikaitika naam, nikavuka njia. Akanipa kofia mpya ya kiua, ile ya vitundu vya kudariziwa, kazi ya miezi mitatu kwa macho yake yale, akaniambia, "Ichukue, fundi. Kanzu bila ya kofia haijatimia."

Nilielewa kila kitu, au nilidhani hivyo. Mzee alikuwa ananivua kama samaki, na hii ilikuwa chambo. Kuikataa kungetaka maelezo, na maelezo ndiyo kitu nisichokuwa nacho. Nikaichukua, nikashukuru, nikaivaa. Lakini usiku niliongeza ombi jipya katika sala zangu, kwamba Mungu aniepushe na hila za jirani yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nadanganya mtaa mzima, na niliyemshitaki kwa Mungu ni yeye.

Kanisani mambo yalikuwa yale yale, ila kwa huzuni. Padri wetu aliniita baada ya misa, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole kama nina shida katika imani. Alikuwa mtu mwema, na ingenichukua maneno mawili tu kumwondolea wasiwasi. Badala yake niliinamisha kichwa nikasema kwamba ninapita katika kipindi cha majaribu. Akaniwekea mikono kichwani, akaniombea dhidi ya mashaka kwa muda mrefu sana. Nilipiga magoti pale, imani yangu haina tatizo lolote, na ngiri inaniuma.

Unaona nilivyokuwa. Nilikuwa radhi Waislamu wanione Mwislamu mtarajiwa, na Wakristo wanione Mkristo anayepotea, ilimradi asiwepo mtu mmoja wa kuniona mgonjwa. Mashaka ya dini yana heshima yake. Yanafaa hata kuandikwa.

Aliyejua ni mke wangu, kwa kuwa ndiye aliyefua. Alinyamaza miezi sita, jambo lililonishangaza, kisha katika Juma la Mateso uvumilivu ukamwishia. Aliingia na ule mkanda wa kitambaa mkononi. "Huu nshaufua sijui mara ngapi," alisema, "na hujaniambia ni wa nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda hospitali." Nikamwambia nitakwenda baada ya Pasaka, nikishabeba msalaba. Akaniambia watu wengine wapo, wabebe wao. Nikamjibu kuwa hapana mwingine anayeuweza. Hilo lilikuwa kweli, nilikuwa nimehakikisha hivyo mwenyewe. Nikaongeza kwamba ni aibu. Akaukunja ule mkanda taratibu. "Kama ni aibu, Mungu keshaiona. Wamficha nani?"

Nilimkasirikia.

Ijumaa Kuu, kama jina lake linavyosema, ni Ijumaa. Sijui kwa nini jambo hilo halikunijia kichwani mpaka nilipofungua mlango saa sita mchana, nimevaa kanzu iliyofuliwa, kofia kichwani. Mtaa mzima wa wanaume ulikuwa unatoka kwenda msikitini. Waliponiona walitulia. Mzee wa kofia alikuwa bado barazani kwake anatafuta viatu, akanitazama, akarudisha macho chini haraka. Mmoja akasema mashaallah kwa sauti ya chini. Wakanipokea katikati yao, tukashuka pamoja kuelekea Mnazi Mmoja, mimi katikati kama bwana harusi.

Hakuna aliyeniuliza swali la uchokozi. Walikuwa watu waungwana mno, na uungwana wao uliniumiza kuliko ngiri. Walizungumza habari za mvua. Mmoja wa makamo aliniuliza tu, taratibu, kama nina mtu wa kunipokea huko, maana siku ya kwanza mtu huona haya. Nikamwambia naam, yupo. Tulipofika mjini, kwenye kona ambapo wao hukata kwenda msikitini na mimi hukata kwenda kanisani, nikakata upande wangu. Walisimama. "Msikiti huku, ndugu yangu," akaniita yule wa makamo. Nikasema nimesahau kitu, ninakuja.

Nikaingia kichochoroni, nikavua kofia, nikaitia mfukoni. Nilisimama pale nimeegemea ukuta. Nilimkumbuka yule mwanafunzi aliyemkana Bwana wake kabla jogoo hajawika. Yeye alikana kwa kuogopa kuuawa. Mimi nilikana pande zote mbili kwa kuogopa kuchekwa, na jogoo wa kunizindua hakuwepo. Niliona aibu ya kweli, ya kwanza tangu maradhi yaanze, na haikuhusu mwili.

Hata hivyo nilikwenda nikaubeba msalaba. Mtu anaweza kuiona njia iliyonyooka na bado akaendelea na ile aliyoizoea.

Kituo cha kwanza hadi cha sita nilikwenda kwa kiburi peke yake. Jua la mchana lilikuwa utosini, ua umejaa watu, akina mama wa kwaya wamevaa nguo nyeupe. Tulipofika kituo cha saba msomaji akatangaza kwamba Bwana anaanguka mara ya pili. Watu wakashuka kupiga magoti. Nami, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, nikashuka pia. Kitu kilijifunga tumboni kama fundo, miguu ikapotea, msalaba ukanitoka begani ukaanguka, na mimi nikaanguka kando yake, uso kwenye changarawe.

Halafu nikasikia mtu analia, halafu mwingine. Kwaya ikaanza wimbo bila ya kuongozwa, na sijapata kuisikia ikiimba vizuri namna ile. Walidhani ninaigiza. Walidhani kwamba mwaka huu mzee wao, baada ya majaribu yake mazito ya imani, ameona awaonyeshe jinsi Bwana alivyoanguka. Msomaji, mtu mwenye busara zake, alisita ili watu wapate kutafakari. Nikamsikia mama mmoja akimwambia mwanawe, "Tazama baba anavyomfuata Bwana." Mimi nilikuwa natafuta pumzi.

Nimeufikiria muda ule mara nyingi. Hakuna siku niliyowahi kuheshimiwa kama dakika zile mbili nilizolala chini. Ningenyamaza, wangekuja kuniinua kwa machozi, wakanichukua pembeni, nikapata namna ya kuondoka, na jina langu lingetajwa kila Kwaresima. Kila kitu nilichokuwa nimekitafuta tangu siku ya kinanda kilikuwa kimeletwa mbele yangu bure. Na mbele ya pua yangu kulikuwa na ule mti wa mfenesi. Nikauona kwa karibu kwa mara ya kwanza, na nikajua nilichokifanya. Mtu tuliyekuwa tukimwadhimisha alianguka mara tatu, akashindwa kuubeba, akashikwa mgeni njiani amsaidie. Akavuliwa nguo mbele ya watu. Na mimi kila mwaka nilikuwa nikiisimulia habari hiyo kwa kutoanguka.

Sikuomba uponyaji. Nilisema kimoyomoyo, Bwana, siwezi. Ilikuwa sala fupi kuliko zote nilizopata kusali, na ya kwanza isiyokuwa na sharti. Sauti yangu ikarudi. Ubeti ulipomalizika, nikasema kwa nguvu zote zilizobakia, "Siigizi. Nina ngiri. Nisaidieni."

Nguvu zilizobakia zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, maana walinisikia mpaka langoni.

Nasema kweli, maumivu hayakupungua hata chembe. Lakini ile hofu niliyoilea kwa miezi minane ilikatika pale pale, na nikalia mbele ya watu wote bila ya kuona haya. Wa kwanza kunifikia alikuwa yule mama wa kwaya aliyezaa mtoto mfu. Alikuwa na kanga kiunoni, akaifungua, akaikunja, akaniwekea chini ya kichwa. Akanifuta changarawe usoni kwa kiganja chake. "Basi, baba," alisema. "Tulia, tupo." Hakuniambia kuwa udhaifu ni zawadi. Nikamwomba msamaha, nisijue kama angeelewa wa nini. Akasema anajua.

Wanaume wanne waliuinua msalaba kuuondoa njiani, na nilimsikia mmoja wao akiuliza, akihema, ni nani mwendawazimu aliyeuchonga.

Walinipakia kwenye mkokoteni uliokuwa umeegeshwa nje. Misikiti ilikuwa inatoka. Hivyo Kikwajuni nzima iliyoniacha kwenye kona ikanipokea tena barabarani, nimelala chali kwenye mkokoteni, kanzu imejaa vumbi, padri ananisukuma na akina mama wa kwaya wananizunguka wanaimba. Yule mtu wa makamo alisimama kando ya njia mdomo wazi. Nikamwinulia mkono. Naye, Mungu ambariki, aliacha maswali yote akaja kushika mkokoteni, akasukuma pamoja na padri mpaka mlango wa hospitali.

Daktari alikuwa Mchina. Alibonyeza mara moja, akasema maneno mengi kwa hasira, na mkalimani akayafupisha kwamba nimechelewa sana, utumbo umebanwa, napasuliwa sasa hivi. Nikapasuliwa alasiri ile ile. Yaliyofuata hayana utukufu wowote. Kwa siku kadhaa sikuweza kugeuka kitandani, na muuguzi kijana alinisafisha kama mtoto mchanga. Nilipotaka kusali maneno yalinikimbia, nikawa nasema lile moja tu, siwezi, nikilala nalo na kuamka nalo. Lilinitosha. Nilishangaa sana kuona kuwa linatosha.

Jumapili ya Pasaka, baada ya watu wa kanisa kuondoka, alikuja jirani yangu mzee wa kofia na chupa ya uji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia kila kitu tangu kinanda, kwamba sikuvaa kanzu kwa sababu ya dini, kwamba sikuwa na nia ya kusilimu hata siku moja, na kwamba nimeipokea kofia yake kwa udanganyifu, anisamehe, nitamrudishia.

Alinisikiliza huku anamimina uji kikombeni. "Nlijua," alisema. "Tangu wiki ya kwanza. Mtu hupasua mbao kwa kanzu mchana wa jua kwa ibada?"

Nikamuuliza kwa nini basi alinipa kofia.

"Kanzu bila ya kofia watu huiuliza. Ukivaa na kofia hawaulizi, hujijibu wenyewe. Nlitaka wakuache upumue." Akanisogezea kikombe. "Miye nnayo mwenyewe, fundi. Mwaka wa tisa huu. Najua mtu anavyokaa akiwa nayo."

Sikuweza kuupokea ule uji. Miezi yote ile nilikuwa nikimshitaki kwa Mungu kuwa ananiwinda, na yeye alikuwa amekaa ng'ambo ya njia akinifunika. Alikuwa ametoa miezi mitatu ya macho yake ili mimi nisichekwe. Nilimwambia nilivyomdhania, maana nilikuwa nimeshaanza kusema na sikuona sababu ya kuacha. Alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu akaniuliza, bila ya kunitazama, niliwezaje kulisema neno lile mbele ya watu, tena mbele ya wanawake. Nilijua swali hilo halikuwa la udadisi. Nikataka kumpa jibu zuri, la Alhamisi. Nikamwambia, "Sikuweza, mzee. Nilianguka kwanza." Nikamsimulia kuhusu kituo cha saba, na kwamba yule tunayemlilia siku ile alianguka naye, na kwamba mimi nilikuwa nikipita juu ya habari hiyo miaka yote bila ya kuiona. Ilikuwa mara ya kwanza kumzungumzia Bwana wangu kwa jirani bila ya kutaka kumshinda.

Akafunga kifuniko cha chupa. "Hayo ya kwenu miye siyaingilii," alisema. "Lakini kuanguka nnakujua." Akachukua chupa yake, akaenda.

Jumatano alirudi bila ya uji. Alikuwa na karatasi ya hospitali mkononi, imekunjwa mara nne, na aliikunjua akaikunja tena. Daktari amempa siku ya kupasuliwa, Jumatatu ijayo. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, na mimi nisiyeweza kuinuka nikanyoosha mkono nikamshika wake.

"Kunauma?" aliniuliza.

Kando ya vitanda vingapi nilisimama, nikiwa mzima, nikiwapa watu maneno matamu.

"Kunauma sana, mzee," nilimwambia. "Na utalia."

Akanitazama usoni. Kwa mkono wake mwingine akaitia karatasi mfukoni.

"Basi nitakwenda," akasema.